Majaribio ya sayansi jikoni na watoto: nimekwama, nisaidieni

BabaPacha:
Wadau, salaam. Nina pacha wa miaka 7. Jumamosi niliwafanyia "volkano": bekingi soda kikombeni, siki juu yake, povu likafurika hadi sakafuni. Wakashangilia, wakataka tena na tena mpaka siki ikaisha. Halafu mmoja akauliza, "Baba, povu limetoka wapi?" Nikamwambia akanawe mikono. Natafuta jaribio jepesi, lisilo na moto, ambalo nitaweza kulieleza bila kukimbia.

MamaSufuria:
Hahaha, akanawe mikono! Kaka, povu lile ni gesi ya kaboni dayoksaidi, inatoka siki ikikutana na bekingi soda. Rudia hilo hilo, ila siki iwe kwenye chupa ndogo na soda ndani ya puto. Vika puto mdomoni mwa chupa, liinue soda imwagike. Litajaa lenyewe. Usifunge chupa kwa kifuniko, kitakurukia usoni.

Mzee_Kijiko:
Mimi ni mtu wa yai. Chukua yai bichi, liweke kwenye bilauri, mimina siki mpaka lifunikwe. Muda si mrefu ganda linajaa vipovu, na ni gesi ile ile ya MamaSufuria, kwa sababu ganda ni kalsiamu kabonati, madini ya jamii ya chokaa ambayo siki huyayeyusha na kutoa gesi hiyo. Liache siku moja au mbili, ukibadilisha siki mara moja, kisha lisuuze taratibu. Ganda hakuna tena! Limebaki yai lenye ngozi laini. Limulike kwa tochi uone kiini.

Utamu unaanza hapo. Litie kwenye maji matupu, kesho yake limevimba. Lihamishie kwenye maji yaliyokolea sukari, linanywea na kukunjamana kama shavu langu. Maji hupenya ile ngozi kufuata upande uliokolea zaidi, sukari inashindwa kupita. Wape uzi wapime mzunguko wake kila asubuhi. Langu la kwanza lilinipasukia kiganjani, kwa hiyo andaeni mawili, na kila anayeshika anawe kwa sabuni (safari hii kunawa kuna sababu).

BintiMaabara:
Waulize wanadhani nini kitatokea KABLA hujamimina. Na badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati: yai moja kwenye siki, jingine kwenye maji. Una pacha, kila mmoja awe na lake. Ila dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isikutane na siki kabisa, inatoa gesi ya sumu.

BabaPacha:
Mrejesho, siku ya nne. Wa kwanza alisema la siki litayeyuka lote, wa pili akasema litaiva. Wote wamekosa na bado wanabishana. Jana nimeulizwa ganda limekwenda wapi, nikajibu! Tatizo jipya: yai lililovimba limeshapewa jina, na nimekatazwa kulitupa.

MamaSufuria:
Limeanza kunuka?

BabaPacha:
Bado. Liko kwenye friji, karibu na maziwa. Mama yao hajaliona.