Mjadala: Chipukizi anayetafuta nafasi ya kuigiza atozwe hela ya fomu ya usaili?

Mtoa mada

Wakuu, naileta hoja hii kwa sababu matangazo yamezidi. "Tunatafuta sura mpya, fomu shilingi 10,000, watakaopita watacheza tamthilia kubwa." Msimamo wangu ni kwamba hela ya fomu ikomeshwe kabisa. Usaili ni gharama ya mtayarishaji, inakaa kwenye bajeti yake pamoja na mafuta ya jenereta na chakula cha seti. Piga hesabu: watu 400 kwa 10,000 ni milioni 4 kabla kamera haijawashwa. Mwenye tangazo anaweza asirekodi hata sini (onyesho) moja na bado akaondoka na faida. Mtu wa namna hiyo anataka waje wengi, hana haja ya kupata wazuri.

Mtayarishaji wa tamthilia, Dar es Salaam

Ndugu mtoa mada, umehesabu mapato tu. Watu 400, kila mmoja dakika 5, ni dakika 2,000, yaani zaidi ya saa 33. Hizo ni siku nne na ushee za kukodi ukumbi, kulipa mpiga picha, mtu wa taa, mtu wa kusoma mistari na anayepanga foleni. Sisi wadogo hatuna kituo cha runinga kinachotupa fedha mapema. Halafu mlango ukiwa wazi bure, nusu ya wanaokuja hawajausoma hata ukurasa waliopewa, na mwenye kipaji anasubiri jua linazama. Hela kidogo inachuja.

Mwongozaji msaidizi

Kaka, hela inachuja wasio nayo, haichuji wasiojua. Kama tatizo ni muda, lipo jawabu lisilomgharimu mtu. Toa ukurasa mmoja wa mswada, kila mtu ajirekodi kwa simu sekunde 60, atume. Video 400 ni chini ya saa 7 za kutazama, na kwa wengi sekunde 20 za kwanza zinatosha kujua. Chagua 40, waite ana kwa ana, wape dakika 10 kila mmoja. Siku moja umemaliza, ukumbi umeukodi mara moja.

Kwa chipukizi wanaosoma hapa, video ya namna hiyo ina utaratibu wake. Simu ilazwe kwa upana, iwe usawa wa macho, imeegemezwa mahali au kwenye stendi, isishikwe mkononi. Nyuma yako uwe ukuta mtupu wa rangi moja. Dirisha liwe mbele yako. Likiwa nyuma, uso unakuwa kivuli na hakuna atakayehangaika kukutafuta humo. Picha ianzie kifuani hadi juu kidogo ya kichwa. Anayekusomea mistari ya mhusika mwingine asimame ubavuni mwa simu na asome kwa sauti ya chini, maana yuko karibu na maiki kuliko wewe. Mtazame yeye, usiitazame lenzi. Zima feni. Chumba kitupu kinarudisha mwangwi, kwa hiyo rekodia chumba chenye godoro na mapazia. Anza kwa jina, urefu na mji unakoishi, kisha igiza. Usitumie vichujio vya kung'arisha sura. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama video ya kawaida inabanwa na ubora unashuka.

Kinachoangusha wengi ni kuigiza wakati wa kusema tu. Mwenzake akianza kuongea, uso unazima, anangoja zamu yake. Kamera inamwona. Kosa la pili ni kukariri mistari pamoja na kiimbo chake, hivyo mwongozaji akisema "irudie, sasa huna hasira, umechoka," sauti inatoka vilevile. Kariri maneno bila kuyaigiza, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, mpaka yatoke yenyewe. Hisia zije siku ya kazi.

Mkufunzi wa maigizo, Bagamoyo

Naunga mkono, ila tusichanganye hela ya usaili na ada ya mafunzo. Mafunzo yanalipiwa, na ni halali. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, na tangu 2007 kinaendeshwa kama TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Anayelipa ada pale anajua analipia nini: sauti, mwili, jukwaa, ngoma, na mwisho anatunukiwa cheti au stashahada. Hakuna aliyemwahidi filamu. Ulaghai unaanza pale mtu anapouza mafunzo ya siku mbili na kuyafunga kwenye ahadi ya nafasi. Ukiambiwa "lipia warsha ndipo uingie kwenye tamthilia," hapo umeuziwa ahadi.

Vikundi navyo vina mchango wa kila mwezi wa ukumbi na maji. Sioni ubaya, mradi fedha isomwe mbele ya wanachama na mazoezi yawepo kweli. Kikundi bado ni shule kubwa. Waliotokea kikundi cha maigizo cha Kaole Sanaa Group, akiwemo mwigizaji marehemu Steven Kanumba, walipikwa kwenye michezo ya runinga kabla filamu hazijawapa majina.

Mwigizaji wa jukwaani, Nairobi

Huku kwetu pia matangazo hayo yapo. Lakini chipukizi ana njia nyingine ambayo haimlipishi: vikundi vinavyozunguka shuleni na maigizo ya vitabu teule vya fasihi. Unafanya maonyesho mfululizo mbele ya wanafunzi wasiokuvumilia ukiboronga, na sauti inakomaa. Tahadhari moja tu. Ukizoea jukwaa, ukija mbele ya kamera unapaza sauti na kutanua mikono kana kwamba kuna mtu wa safu ya mwisho. Jirekodi, tazama bila sauti, hesabu mara ngapi nyusi zimepanda.

Jambo la kuuliza kabla ya kwenda popote ni kibali. Kenya, kurekodi filamu kunahitaji leseni ya serikali. Tanzania kibali kinatoka Bodi ya Filamu. Mtayarishaji wa kweli hakasiriki akiulizwa.

Mchangiaji, Mwanza

Mbona hamlitaji la rushwa ya ngono? Binti analipa 10,000 ya fomu, kisha anaambiwa usaili wa pili ni saa mbili usiku, chumba cha hoteli, aje peke yake. Wadogo zangu, usaili unafanyika mchana, mahali penye watu zaidi ya mmoja, na una haki ya kuja na mtu akusubiri nje. Sini yenye kuvua nguo au kubusu haijaribiwi siku ya usaili, inaelezwa kwa maandishi kwanza. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamtaja mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira au upendeleo. TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa 113. Tunza ujumbe wote, usifute hata ule uliokuumiza.

Mtayarishaji wa tamthilia, Dar es Salaam

Dada wa Mwanza, hapo sina ubishi. Na hesabu ya video 400 imenigusa, nitaijaribu. Lakini wa vijijini asiye na simu nzuri mnamwacha wapi? Huyo kwa mlango wangu wa 10,000 angalau anaonekana.

Mwongozaji msaidizi

Kaka, nauli ya kutoka kijijini na kulala mjini inaizidi hiyo 10,000 mara kadhaa, na simu ya kuazima kwa jirani kwa dakika 10 inatosha. Kama unaona bado, tenga asubuhi moja ya wasio na video, bure.

Niongeze la mkataba, maana wengi wanaopita usaili wanaumizwa hapa. Karatasi itaje jina la mhusika, idadi ya siku za kurekodi na saa za kila siku, malipo na lini yanatoka, na malipo ya siku zikizidi. Iseme nguo ni za nani. Iseme lini uko huru kunyoa au kubadili nywele, kwa sababu sini mbili zinazofuatana zinaweza kurekodiwa wiki tatu mbali. Iseme kazi itatumika wapi: runinga, mtandaoni, matangazo ya biashara. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwigizaji, lakini ukishasaini "matumizi yote" bila kusoma, kudai baadaye ni kazi ngumu. Na sehemu ya malipo iingie kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi, hata kama ni robo.

Mtoa mada

Nimeelewa la mafunzo na la vikundi, hayo nayaondoa kwenye hoja yangu. La fomu nabaki nalo. Mtayarishaji, ukishaendesha usaili huo wa video, rudi hapa utupe mahesabu yake.