Kukata bati na bamba la chuma nyumbani: mkasi, msumeno, tindo au grainda?

Mfugaji_Kibaha
Ndugu zangu, ninajenga banda la kuku. Nina kazi mbili: kupunguza mabati ya migongo ya geji 30, na kukata bamba jeusi la milimita 1.5 la kuziba sehemu ya chini ya mlango, kwa sababu kicheche amekwisha nimalizia vifaranga. Nina nyundo na msumeno wa chuma, na fedha ya chombo kimoja tu. Je, ninunue mkasi wa bati au grainda?

Fundi_Majiko
Kwa bati, nunua mkasi. Grainda ina kasi, lakini cheche zake ni chembe za chuma cha moto zinazonasa juu ya bati na kuota kutu baada ya mvua chache, na joto lake huunguza zinki ukingoni, mahali hasa panapohitaji kinga. Ukinunua mikasi ya vishikio vya rangi, wa njano hukata mstari ulionyooka, mwekundu hupinda kushoto na wa kijani kulia. Usiufumbe mdomo wa mkasi hadi mwisho kila unapobana, maana ncha zake ndizo zinazochana ukingo. Kukata kukingama na migongo kunachosha mkono. Nenda kidogo kidogo.

Karakana_Ndogo
Naafiki, ila mkasi wa mkono hautaliweza bamba lako, kwani mikasi mingi ya aina hiyo huishia karibu milimita 1.2. Tumia msumeno ulio nao, lakini weka bledi ya meno 32 kwa inchi: ile ya meno 18 huacha pengo la milimita 1.4 kati ya jino na jino, hivyo karibu jino moja tu ndilo hushika unene wa bamba lako, nalo hunasa na kuvunjika. Libane bamba kati ya mbao mbili nyembamba, ukate vyote kwa pamoja, na halitatetemeka.

Mfugaji_Kibaha
Ahsante. Lakini mkato una urefu wa sentimita 60, na fremu ya msumeno itagota kwenye ukingo kabla sijafika.

Mzee_Tindo
Hapo ndipo tindo inapofaa, mwanangu. Kule Kamukunji, Nairobi, mafundi hukata mabamba kwa tindo na nyundo juu ya kipande cha reli. Wewe libane bamba kati ya vyuma viwili vya pembe, mstari ulingane na ukingo wa chuma, kisha ulaze tindo ikate kwa kuteleza juu ya ukingo huo. Kipande kinachoanguka hupinda, kwa hiyo kile unachokihitaji kiwe ndani ya vyuma.

Dada_Welda
Shikamoo Mzee. Ndugu Mfugaji, ukiazima grainda kwa bamba hilo, tumia diski ya milimita 115 yenye unene wa milimita 1, na usiondoe kinga ili kuingiza diski kubwa: ile ya 230 kwa kawaida huruhusiwa mizunguko 6,600 kwa dakika, na grainda ndogo huizidi mbali. Niliwahi kuona diski iliyobanwa na mkato ikipasuka, na kipande kikatoboa mlango wa mbao. Usisimame sambamba na diski, na vaa miwani.

Mfugaji_Kibaha
Shikamoo Mzee. Nitanunua mkasi, na tindo nitaazima kwa jirani.

Mzee_Tindo
Marahaba. Ukimaliza, piga tupa kingo zote, kisha upake rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga mlango.