Naomba ushauri: sola ya nyumbani yenye friji, betri ya gel au lithiamu?

Wakuu, habari za majukumu. Nimejenga Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Nguzo za umeme bado ziko mbali na kwangu, na nataka kuhamia kabla ya vuli. Matumizi: taa nane za LED, TV ya inchi 32, feni, kuchaji simu na friji ndogo. Pasi sina mpango nayo.

Kinachonichanganya ni friji. Fundi wa kwanza kanipigia hesabu ya paneli mbili za wati 300 na betri ya gel ya Ah 200 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi). Wa pili anasema gel ukiishusha chini ya nusu kila usiku inakufa mapema, bora lithiamu ya Ah 100, bei imechangamka lakini inadumu. Ila huyo hakuuliza hata friji inakula wati ngapi! Hapo ndipo aliponitia shaka.

Mwenye friji inayokesha kwenye sola: mfumo wako ni wa volti 12 au 24? Asubuhi betri inabaki asilimia ngapi? Na kama unamjua fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), anayetoa risiti na kurudi ukimwita, naomba uniunganishe naye inbox. Wauza paneli za "wati 500" zenye ukubwa wa sinia, nipisheni kwanza.