Kabati limejaa lakini kila asubuhi sina cha kuvaa

Jamani naombeni msaada, nguo ninazo mpaka mlango wa kabati haufungi ila asubuhi nachagua weee mpaka nachelewa kazini. Nianzie wapi?

Jibu: Anza na rangi dada. Shika mbili tatu za msingi, nyeusi, kaki, bluu ya giza, suruali na sketi ziwe humo humo halafu kwenye blauzi ndo ucheze. Blauzi 5 zikikubali na suruali 3 zote tayari una mionekano 15 na hujagusa koti wala viatu. Nguo isiyoendana na chochote ulichonacho iache dukani, hata ikupendeze vipi.

Jibu: Kweli kabisa, ila mi naona fiti ndo kila kitu. Cheki mshono wa bega uishie bega linapoishia, ukishuka mkononi utaonekana umeazima. Kiuno na pindo fundi anarekebisha fasta, bega ni kazi nzito.

Muulizaji: Asanteni sana wapendwa. Za maua maua je nigawe?

Jibu: Usigawe! Tafuta ua lenye rangi ya suruali yako, uvae pamoja.