Paneli ya kengele ya moto inapiga pii pii wiki ya tatu, fundi anasema iko poa

Kibarua_wa_Ghorofa
Wakuu heshima kwenu. Nasimamia jengo la biashara la ghorofa sita hapa Dar, chini maduka, juu ofisi na stoo za watu, nimelirithi mwaka jana kwa msimamizi aliyeondoka bila kukabidhi hata karatasi moja. Pale mapokezi kuna paneli ya kengele ya moto, ile ya kizamani ya zoni nane, yaani jengo limegawanywa sehemu nane na kila moja ina taa yake. Sasa wiki ya tatu hii inapiga pii pii, taa ya njano inawaka na zoni ya 3 nayo njano, mlinzi kachoka kila ikilia anabonyeza kuzima mlio. Nikaita fundi umeme wetu wa siku zote, kafungua, kachokonoa waya za betri, zoni ya 3 akaitoa kabisa kwenye mfumo, akaniambia taa ya kijani si unaiona inawaka basi inafanya kazi, na betri haina umuhimu maana jenereta tunayo. Bosi kafurahi hajatoa hela. Mimi roho haijatulia, zimamoto wakija kukagua watanikuta mimi hapa sio yeye. Hivi paneli inatakiwa iweje hasa ndo tuseme inafanya kazi?

volti24
Mkuu taa ya kijani inakwambia umeme umefika, basi. Haijui kama vihisi, vile vidude vya siling vya kunusa moshi au joto, vinaona wala kama ving'ora vitalia. Njano ni hitilafu, na paneli inachokwambia hapo ni kwamba kuna sehemu ya jengo sioni. Fundi wako kuitoa zoni 3 ni kama mlinzi kafumba jicho moja, moto ukianzia huko ghorofa ya tatu paneli itakaa kimya kabisa.

Kwenye hizi za kizamani kila zoni ni jozi ya waya inayopita kihisi hadi kihisi, na mwisho wa laini kuna rizista ndogo, kile kidude cha kupunguza umeme. Paneli inapitisha umeme kidogo muda wote kuangalia kama rizista ipo. Mtu akichomoa kihisi kimoja laini inakatika, ndo unapata hiyo njano. Anza na swali rahisi, nani kafanya ukarabati ghorofa ya tatu hivi karibuni?

Betri sasa. Kiwango cha Waingereza BS 5839 kwa majengo kama lako kinataka umeme ukikatika paneli ikae masaa 24 kwa betri peke yake, halafu baada ya hapo bado iweze kupiga ving'ora nusu saa. Wamarekani kwenye NFPA 72 nao masaa 24, ila mlio ni dakika 5. Hesabu yake sio ngumu, tuseme paneli yako ikiwa imetulia inakula ampea 0.15, mara 24 inakuwa 3.6. Ikilia inakula ampea 1.2, kwa nusu saa ni 0.6. Jumla 4.2, ongeza robo kwa sababu betri inazeeka, unapata kama 5.25. Kwa hiyo zile mbili za volti 12 ampea-saa 7 zilizounganishwa kupata volti 24 zinatosha. Hizo ampea usichukue za kwangu, za kwako zipimwe.

Mzee_wa_Jenereta
Mnamtisha bure huyu. Jenereta inawaka ndani ya sekunde chache TANESCO wakikata. Mimi kwenye jengo langu betri za paneli zilikufa nikafunga betri ya gari, mwaka wa pili huu inadunda tu.

volti24
Mzee wangu shikamoo, ila hapo hapana. Moto ukiwaka kitu cha kwanza watu wanachozima ni meni swichi, na hiyo jenereta yako inapita kwenye bodi ile ile au waya umeshaungua njiani. Jenereta inayojiwasha yenyewe inaweza kupunguza masaa ya betri, ila betri haifutwi. Na betri ya gari chaja ya paneli haikutengenezwa kwa ajili yake, paneli inachaji kwenye volti 27 na kitu kwa betri mbili zilizozibwa kabisa, ya gari inatoa gesi inayolipuka na umeifungia ndani ya boksi la chuma. Itoe mzee.

Bahari_Doha
Niongezee ya mlinzi, mimi nafanya sikyuriti huku Doha ila kwetu Mombasa. Kitu tulifundishwa kabla hata ya kuonyeshwa geti ni hii paneli. Ikilia nyekundu unasoma zoni, mtu anaenda kuona kwa macho, hapo ndo unanyamazisha, na riseti, ile ya kuianzisha paneli upya, ni ya mwisho kabisa. Watu wengi wanakimbilia riseti ndo kelele iishe na hapo umepoteza ile habari ya moto ulianzia wapi. Ubandike ramani ya zoni ukutani kando ya paneli, zimamoto wakiingia usiku hawajui zoni 5 ni stoo ama ni choo. Na uwe na daftari, kila mlio unaandikwa na saa.

DadaWaGhorofaYaPili
Mimi mpangaji sio fundi. Kwetu ilikuwa inalia kila saa sita mchana sababu ya mama anayekaanga samaki pale kantini, ikafika hatua hata ikilia hakuna anayeinua kichwa kwenye kompyuta. Wakaja kufunga kihisi cha joto pale jikoni badala ya cha moshi, kimya hadi leo. Kabla ya kuzima zoni nzima kaka angalia kama shida ni hiyo.

volti24
Dada umenena. Na Kibarua kila wiki jaribu brekiglasi moja (kile kiboksi cha ukutani cha kupigia kengele kwa mkono), wiki ijayo nyingine, mpaka uzimalize zote uanze upya, na fundi wa mifumo ya moto (sio wa umeme wa nyumba) aje angalau kila miezi 6. Breka ya paneli iwe ya peke yake na iandikwe isizimwe, nimeshakuta paneli imeunganishwa laini moja na friji ya soda.

Kibarua_wa_Ghorofa
Wakuu nimerudi. Ghorofa ya tatu yule jamaa wa vitenge aliweka jipsam mwezi uliopita, mafundi wake wakachomoa vihisi viwili wakaviacha kwenye ndoo ya rangi, nimevikuta humo humo. Tumevirudisha, zoni 3 nayo tukairudisha kwenye mfumo, njano ya zoni imezimika. Betri moja imevimba, imeandikwa 2017, nimepima volti 9. Nimezima breka kidogo kujaribu, paneli ikafa hapo hapo kama redio, mlinzi mwenyewe kashtuka. Nimempigia bosi video sijasema neno, katuma hela ya betri mbili. Sasa mwenye vitenge anasema jipsam yake haitobolewi tena kwa hiyo vihisi vinaning'inia na waya chini ya siling, hapo inakuwaje?

volti24
Mtoboe hiyo jipsam.