Fundi kaigandisha nobu ya pedali yangu kwa supagluu, halafu ananiuliza "kwani lazima uizungushe?"

Wakuu, niko kwenye mwendokasi nimesimama, mkono unatetemeka, mkikuta herufi zimerukana mnisamehe.

Mnamjua. Yule wa Gerezani, kibanda kimejaa redio zilizotumbuliwa matumbo tangu enzi za Mwalimu. Simtaji, yeye mwenyewe anajijua.

Pedali yangu ya eko, kile kiboksi cha kukanyaga kinachotia mwangwi kwenye muziki, ukiizungusha nobu inakwaruza kama paka juu ya bati. Ugonjwa mdogo tu. Ndani mna njia ya kaboni na kiulimi kinachoteleza juu yake. Vumbi na hii hewa yetu ya chumvi vikishaingia, ndiyo kelele hizo. Unapuliza spreya ya kusafishia swichi, unazungusha huku na huku mara 20, kwisha. Ningefanya mwenyewe, spreya imeniishia, nikajitia tajiri.

Aliniambia siku 3. Zikawa 11. Leo nimetoa 25,000, nashika nobu, haiendi. Nakaza, haiendi. Nachungulia: gundi! Kaigandisha katikati! Namuuliza, ananitazama kama mgonjwa ni mimi: "Kaka, hapo ndipo penye sauti nzuri. Kwani lazima uizungushe?"

KWANI LAZIMA UIZUNGUSHE! Nobu, wakuu! Sasa niifanyeje, nitundikie kofia?

Jumamosi nina harusi Sinza. Rumba eko ileile, sebene eko ileile, bibi harusi anaingia eko ileile. Kwani lazima uizungushe. Nitakufa na hili neno.

Babu Tabata: Pole mkuu. Ila ulitoa hela kabla ya kuijaribu? Basi na wewe umegandishwa.

Mpiga Besi Mstaafu: Usiivute kwa koleo, utang'oa miguu ya volyumu, kile kifaa kilicho chini ya nobu, kwenye bodi. Chukua asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, tone moja kwenye kijiti cha pamba. Usimwage, inayeyusha plastiki. Isipofunguka nunua volyumu nyingine, lakini usome maandishi: kama ilikuwa A100K usikubali B100K. Ukinzani ni uleule, ila unavyobadilika ukizungusha ni tofauti. Na ukishaisafisha ikaendelea kukwaruza, pima kwa mita, huenda kuna kapasita inavujisha umeme wa DC.

Mwenye mada: Ahsante mzee wangu. Lakini umesoma alichoniambia? KWANI LAZIMA

Binti Kigogo: Tumesoma 😂

Kobe wa Ilala: Mimi nilikusikia ukipiga Magomeni. Fundi kaokoa jamii. Angegandisha na ya sauti, kwenye sifuri.

Mwenye mada: Wewe ni ndugu yake, si bure.

Mama Wawili: Afadhali yako mwanangu. Wangu wa friji kanirudishia linatoa joto. Ubavuni pale naanika soksi.

Babu Tabata: Joto la ubavuni kwa nyingine ni kawaida, mama. Ndani je?

Mama Wawili: Ndani pia, baba. Maziwa yanaganda yenyewe, nauza mtindi.

Shabiki Asiyelala: Mafundi wote baba yao mmoja. Cherehani wa Mbagala kanishonea suruali, mguu mmoja unafika, mwingine uko njiani. Anasema nitembee tu, itajivuta.

Binti Kigogo: Wa Mbagala Rangi Tatu? Mwenye mlango wa bluu? Ana gauni langu tangu Idi!

Mwenye mada: Wakuu, tulikuwa kwenye nobu.

Shabiki Asiyelala: Subiri kidogo mkuu. Dada, gauni lenyewe la kijani, lina shanga kifuani?

Binti Kigogo: Ndiyo!! Umeliona wapi?

Shabiki Asiyelala: Mkewe alilivaa Jumapili.

Mama Wawili: Toba! Hebu leteni picha.