Naomba ushauri wa sataranji: kinga ya Alekhine inanisumbua nikiwa na nyeupe

Wakuu, hapa Ujiji kijiweni kwetu sataranji imeanza kuipiku bao. Kuna mzee mmoja, nikifungua kwa askari e4 tu anatoa farasi f6, ndiyo hiyo Alekhine. Nasukuma e5, farasi d5; d4, naye d6. Katikati anakuachia yote kwa makusudi, halafu anaanza kuitafuna taratibu.

Nimejaribu c4, farasi b6, kisha f4, lile shambulizi la askari wanne. Linapendeza machoni, ila tukishakulana e5 analeta farasi c6 na askofu f5, d4 yangu inaning'inia na mimi ndiye nahangaika kulinda.

Kula d6 ni salama zaidi. Akirudisha kwa askari wa c, nasikia dawa ni askofu e3, ngome c1 na b3. Kuna aliyeizoea?

Au nicheze farasi f3 hatua ya nne? Spassky alifanya hivyo kwenye pambano la ubingwa wa dunia Reykjavik 1972, mpinzani wake Fischer akajibu g6 na akashinda, sasa naogopa kidogo. Na huyu mzee wangu ni wa askofu g4, askofu wangu e2 inatosha kumjibu? Kukariri mistari mirefu siwezi, kazi zimenibana.